Miche Minne ya Sabuni

Nilikamatwa Ijumaa mchana njia ya Nyegina, nikiwa na miche minne ya sabuni kwenye mfuko wa madaftari. Usiku uliotangulia, duka la ushirika kule Mwisenge lilikuwa limevunjwa, na sabuni ilikuwemo kati ya vilivyobebwa. Wakati ule wa uhaba mtu mwenye miche minne alitazamwa kama mtu mwenye bunduki. Wengine wote tulikuwa tunafuliaga majani ya mpapai.

Sabuni ilikuwa ya bibi yangu, mama yake mama. Aliinunua kwa mtu aliyeivusha toka Kenya, akanituma nimpelekee mama.

Kituoni askari mpelelezi alivuta karatasi. "Umeitoa wapi?"

"Imeota shambani, afande."

Akaandika. Nilidhani na yeye anatania. Alipomaliza akanisomea yote, shamba likiwemo, akasema nitie sahihi kwamba nimesomewa na ndivyo nilivyosema. Nikatia. Alikuwa na mwandiko mzuri.

Wanasema lazima ufikishwe kwa hakimu ndani ya saa ishirini na nne. Jumamosi na Jumapili hakimu hayupo, kwa hiyo nilikaa na kunguni mpaka Jumatatu. Mahabusu nilimkuta mzee mmoja wa kesi ya ng'ombe. Alinifundisha kuliko mwalimu wa siasa.

"Iwapo sabuni ni ya magendo, usiseme," aliniambia. "Magendo hayana dhamana siku hizi. Wizi unayo. Kaa hapo hapo kwenye wizi, kijana."

"Lakini sijaiba, mzee."

"Kwani nani amekuuliza? Kesi yenyewe haijaanza. Hapa umepangwa foleni tu."

Nikapiga hesabu. Nikisema ukweli, mimi natoka, bibi anaingia. Na bibi hata kwenye kiti hukaa kwa kulalamika.

Jumatatu nikasomewa shtaka. Nikasema si kweli. Mwendesha mashtaka akasema upelelezi haujakamilika, anaomba tarehe nyingine. Hakimu akasema dhamana iko wazi: mdhamini mmoja, mkazi wa hapa, mwenye barua ya balozi wa nyumba kumi. Baba alikuwa kazini Bunda, ametuma neno kwamba anasubiri aone kama kweli nimeiba. Aliyesimama ni bibi, barua mkononi.

"Mshtakiwa ni nani wako?" hakimu akamuuliza.

"Ni mume wangu."

Watu wakacheka. Kwetu bibi na mjukuu ni watani, ameniita mume tangu sijaota meno. Karani alikuwa ameshaandika. Akafuta.

"Mama, hapa ni mahakamani," hakimu akasema.

"Samahani, baba. Ni mjukuu wangu. Na hiyo sabuni, mimi ndiye..."

Nikakohoa. Nilikohoa kama mgonjwa wa kifua kikuu, mpaka askari akanisogeza dirishani nipate hewa. Nilipotulia, bibi alikuwa anaonyeshwa pa kuweka dole gumba. Aliahidi kunileta kila tarehe itakayopangwa.

Basi kila baada ya wiki mbili, aliyetakiwa kuwa ndani alinishika mkono kunipeleka mahakamani. Tunakaa kwenye benchi, jina langu linaitwa, upelelezi haujakamilika, tunarudi nyumbani. Mara ya tatu bibi aliniinamia, akaninong'oneza kwa lugha ya kwetu:

"Wanatafuta nini siku zote hizi? Mimi si nipo hapa?"

"Nyamaza, mke wangu."

"Niwasaidie wakamilishe."

"Nyamaza!"

Mara ya tano mwendesha mashtaka akaomba kuliondoa shauri. Sabuni ya duka ilikuwa imepatikana yote, nyumbani kwa mlinzi wa duka. Hakimu akaniambia niko huru, ila hiyo haizuii kukamatwa tena.

"Lini, baba, ili nijiandae?" bibi akauliza. Askari akamwonyesha mlango.

Njiani bibi akasimama.

"Sasa naweza kuungama?"

"Kwa padri tu, bibi. Usimwambie hata katekista."

"Katekista anajua," akasema. "Alichukua miche miwili."