Yaya Alinipa Jaketi, Leo Binti Yangu Anagawa Viatu

Admin, jina langu lisionekane kabisa, maana kanisani kwetu karibu wote wanafuata ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka arobaini na nne, naishi Likasi, nauza samaki wakavu sokoni, nina mabinti wawili. Nimejikaza kuandika Kiswahili cha buku, yaani cha vitabuni, ila maneno ya watu nayaacha vile walivyoyasema. Msinicheke.

Lazima nianzie mbali, miaka ya tisini, nikiwa na miaka kumi na miwili. Kiwanda alichofanyia kazi papa, baba yangu, kilikuwa kinakufa. Poso ilikatika, ule unga na maharagwe tuliyokuwa tunapewa kila mwezi. Walimu wakakaa nyumbani, masomo yakafungwa. Papa bado aliamka, akavaa kofia yake ya kazi, akaenda kukaa getini na wenzake mpaka jioni. Akirudi, mtu asimwulize kitu, we!

Kaka yangu, nimwite Yaya Dodo (kwetu yaya ni kaka au dada mkubwa), alikuwa na miaka kumi na sita. Jirani mmoja alikuwa na televisheni na mashine ya video, anaonyesha filamu za karate tangu asubuhi. Yaya akawa anamchotea maji ili aingie bure. Mwanzoni ilikuwa filamu moja. Baadaye anaingia asubuhi, anatoka jua linazama, macho mekundu, ukimwita hasikii. Umeme ukikatika alilia kwa hasira kama mtoto mdogo. Filamu zote alishazijua kwa moyo, na bado alikwenda.

Papa alimpiga sana. "Minye natesekaka, weye unaikalaka kutazama bantu benye kupigana!" Siku moja nilimfuata njiani nikamwuliza kule ndani kuna nini. Alinijibu polepole, "Mudogo wangu, kule hakuna muntu anaulizaka tutakula nini." Nyumbani hakuna aliyeniuliza, nami sikusema.

Mama alikuwa Mkatoliki wa rozari mkononi, lakini kukata tamaa ni kubaya. Majirani wakamwambia mtoto ana pepo la kioo cha televisheni, ampeleke kwenye chumba cha maombi. Yaya akafungishwa siku tatu, bila chakula wala maji, watu wanamwombea kwa zamu. Alitoka kimya. Haendi video, habishi, anaosha hata sahani. Mama alifurahi mno! Jumapili akasimama mbele ya watu kutoa ushuhuda: "Mutoto wangu iko muzima!" Vigelegele vikapigwa, na Yaya kasimama pembeni yake anatazama chini.

Kesho yake akanipa jaketi lake la jinzi, lile ambalo hata kuligusa alikuwa hanikubalii. "Kamata. Minye sina nayo kazi tena." Nilicheka, ee Mungu wangu, nilicheka na kuzunguka uwanja mzima nimelivaa. Jumanne asubuhi hakuwepo. Mmoja alisema kamwona kule Kakanda, mwingine akasema Kambove kwenye mashimo ya madini. Papa alikwenda kote huko kwa miguu. Mpaka leo hatujui kama yuko hai. Mama alimwekea bukari yake, ule ugali wetu, pembeni kila jioni mpaka alipokufa, na sikuwahi kumwambia yale maneno ya njiani.

Sasa nisikilizeni. Binti yangu mkubwa ana miaka kumi na tano. Baba yao alikwenda kuchimba mbali, hapigi tena simu. Mimi natoka asubuhi, narudi nimechoka, na neno langu la kwanza ni, "Umeosha vyombo?" Yeye ni telefone tu. Anakula nayo, anakwenda nayo chooni. Akiweka picha anahesabu mioyo, ikiwa michache analala ameelekea ukutani. Wenzake wa darasa waliandika kwamba ana sura ya bibi kizee. Siku mbili hakula, lakini alikuwa anarudi palepale kuyasoma tena. Nilimwambia azime. Akanijibu, "Mama, mule ndiyo kuko bantu ba kuniuliza niko namna gani. Weye unaniulizaka vyombo."

Iliniuma kwa sababu ni kweli. Na badala ya kukaa chini naye, nikapandwa na hasira. Nikafanya nini? Nikampeleka kwenye maombi! Mimi mwenyewe, niliyejua! Siku tatu zilezile. Telefone yake imebaki kwa mchungaji.

Ametoka kimya. Anaosha vyombo kabla sijafungua mdomo. Wamama wa kanisa wananipongeza, na Jumapili hii nimepangwa kutoa ushuhuda. Halafu leo asubuhi nimemkuta mdogo wake anatembea uani na viatu vyeupe vya dada yake, vile alivyovililia mwaka mzima. Nikamwuliza nani kakupa. "Yaya amenipatia. Amesema hana navyo kazi tena."

Sokoni sijaenda. Nimekaa hapa mlangoni, mkubwa yuko chumbani anafagia, namsikia. Nikimrudishia telefone, namrudishia kilichokuwa kinamla. Nikisimama Jumapili kusema amepona, nitakuwa nimesema uongo uleule wa mama. Nataka kuingia nimwulize, "Uko namna gani, mwanangu?" Maneno machache tu, lakini mdomo haufunguki, naogopa atakachonijibu. Na mnaona wenyewe ninachofanya: mtoto yuko hatua tano kutoka hapa, nami nawauliza ninyi kwenye telefone.

Ninyi mliowahi kuwa kama yeye, mliotaka mtu aingie na hakuingia: niingie na neno gani la kwanza? Nijibuni upesi, nawasihi. Ufagio umenyamaza.