Mnyaa wa Kaka Yangu

Mnyaa siupendi, nasema mapema. Hauna majani ya kueleweka, ni vijiti tu vya kijani vilivyoshikana kama vidole, masika kijani, kiangazi kijani. Ukiuvunja unatoa utomvu mweupe kama maziwa, na ukikuingia jichoni utalia kutwa nzima. Mbuzi haugusi. Ndiyo maana huku kwetu Tabora watu wanauzungushia nyumba na kuuwekea mipaka ya mashamba.

Anayeupenda ni mama. Wazazi wangu walikimbia Burundi wakaletwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, na huko mtoto wao wa kwanza, wa kiume, akafa kabla hajaanza kutambaa. Saruji ya kujengea kaburi hawakuwa nayo. Baba alikata tawi la mnyaa, akaliacha kivulini mpaka utomvu ukakauka, maana likipandwa bichi huoza, kisha akalichomeka kichwani pa kaburi. Maji hakulimwagia; mnyaa hautaki kubembelezwa. Baadaye walihamia Ng'ambo, mjini Tabora, nikazaliwa mimi. Baba naye amekwisha kufa, na mama anaishi na mimi katika vyumba viwili ninavyopanga.

Utoto wangu wote nilishindanishwa na marehemu. Nikivunja sahani: "Kaka yako asingefanya hivi." Mtu hata kutambaa hajatambaa! Nilikuwa nakasirika nikiwa mdogo, na bado nakasirika na mvi zangu hizi.

Mwaka huu miguu ya mama imeanza kumgomea, akatangaza kwamba anataka tawi la mnyaa ule. Akifa, lipandwe juu yake, asilale peke yake.

"Mama, watu wameshalima pale. Mnyaa gani utakaoukuta?"

"Wewe nipeleke."

Nikampeleka, nimenuna, panga ndani ya kiroba.

Tulipofika nikajua tumekwisha. Minyaa ilikuwa kila mahali: imezunguka nyumba, imezunguka zizi, imefuata njia mpaka kwenye shamba la tumbaku. Mama alisimama akizungusha macho, hajui aende kwenye upi. Nilimhurumia, na papo hapo nikamkasirikia kwa kunifanya nimhurumie.

Mwenye nyumba, mwanamke wa makamo, alitoka jikoni akijifuta mikono kwa khanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Minyaa hii nani kaipanda?"

"Sisi wenyewe. Tulipohamia tulikuta mmoja tu. Tukawa tunakata huohuo, tunachomeka, tunakata, tunachomeka. Yote hii imetoka kwake."

"Na huo mmoja uko wapi?"

Akatupeleka nyuma ya zizi. Shina lilikuwa nene kuliko paja langu, na vijiti vya juu vilikuwa vimepita paa la nyumba. Mama aliweka kiganja pale, akamweleza yule mwanamke, bila kuzunguka, ni nani kalala chini.

Nilidhani atatufukuza. Nani anapenda kusikia kwamba ua wake wote umetoka kaburini? Yeye akasema, "Jamani! Pole, mama." Halafu akawaita wanawe. Wakaja mbio, wengine na matope miguuni.

"Mwamkieni bibi yenu."

"Shikamoo, bibi!"

"Marahaba, wajukuu zangu."

Nikatoa panga. "Haya, nikate lipi?"

Mama aliutazama ua, akawatazama watoto, akanishika mkono.

"Acha. Miaka yote nalia kwamba nilimwacha peke yake huku. Kumbe ana mji!"

"Na wewe? Si ulisema hutaki kulala peke yako?"

"Nani yuko peke yake?" Akacheka. "Mwenzio ana mji wake, hana shida na mimi. Wewe umejaa mvi na mpaka leo unapanga vyumba. Wa mimi kubaki naye, hata nikifa, ni wewe."

Nilirudisha panga kwenye kiroba. Nilitaka kukasirika, nikashindwa.