Tarishi Asiyengoja Kuitikiwa

Habari nimeipata kwa redio, wasomaji wangu, mchana, katika matangazo ya vifo, nikiwa peke yangu nachambua maharagwe. Walisoma jina lake, la baba yake na la lokesheni yao kule Meru, wakataja mjane na watoto wawili, kisha wakaingia kwa marehemu mwingine. Nilizima redio nikakaa. Sikuwa na mtu wa kumwambia, "Unamkumbuka huyu?" Waliomjua pamoja nami wamehama, au wametangulia. Mnajua majina ya watu hayanitoki kichwani, lakini hapa sina desturi ya kumtaja mtu, na yeye sitamtaja. Alikuwa kijana wa kompyuta katika ofisi ya mradi wa maji mjini Embu, nilikopika chai na kufagia kabla miguu haijanikatalia.

Kompyuta ilipoletwa, mkubwa wa ofisi aliamuru fomu zote za karatasi zichomwe, na kiberiti nilikiwasha mimi, nyuma ya choo. Zilikuwa fomu za akina mama wa Gachoka na vijiji vya huko chini, waliojiandikisha wavutiwe bomba. Aliyetangulia kuandikishwa angetangulia kupata maji, na wengine walikuwa wamengoja tangu watoto wao wakiwa mgongoni. Kabla hazijachomwa, kijana aliingiza kila jina kwenye mashine, na nafasi yake. Kulikuwa na kompyuta nyingine Meru, na hiyo aliiendesha kutoka kwetu kwa waya wa simu. Anaandika amri Embu, kazi inafanyika Meru, jibu linarudi kwenye kioo chake. Mimi nilidhani ananidanganya. Baadaye alichoka kuandika amri moja moja, akatunga programu ya kuzituma zote zikifuatana, yeye akinywa chai. Akaiita Tarishi. "Cucu, huyu haombi nauli wala hapitii baa," alijisifu, akiniita nyanya kwa lugha ya kwetu. Nikamuuliza, "Na akikuta mlango umefungwa?" Akacheka. "Hana akili ya kuangalia mlango, Cucu. Ana mbio tu."

Siku moja Tarishi alitumwa Meru afute orodha ya zamani, ili hii yetu mpya ipate kuingia. Mvua ilikuwa imeshika huko juu Kibugu, na simu ikakatika katikati ya kazi. Kijana alinieleza baadaye kwamba laini ikikatika, kioo kinarudi kwa mashine ya hapa hapa, na Tarishi hajui kwamba amerudishwa nyumbani. Anaendelea tu kutoa amri. Basi akafuta. Alifuta orodha ya Embu, ile mpya, ile ya pekee. Disketi ya akiba ilikataa kufunguka. Kijana alikuja jikoni kwangu akasimama kama mtu aliyetoka msibani. "Cucu, nimewapoteza akina mama." Mkubwa alisema tutaandikisha upya Jumatatu, atakayewahi ndiye wa kwanza. Sote tulijua atakayewahi ni nani. Ni wale wa mtaa wetu wa Dallas hapa mjini, hatua chache tu kutoka ofisini, wenye mashamba ya kukodisha kule chini. Mama wa Gachoka angefika saa sita na vumbi lake.

Nilimwambia, "Lete kalamu." Siku za kujiandikisha ni mimi niliyewapa wale akina mama chai kwenye foleni, na kila mmoja nilimuuliza ni wa nani, ameolewa wapi, kifungua mimba wake anaitwaje. Kwetu watoto hupewa majina ya babu na nyanya zao, kwa hivyo ukishika jina moja umeshika ukoo. Nilifumba macho nikaanza na yule mjane mwenye kikohozi aliyekuwa wa kwanza, nikashuka na foleni. Tulimaliza kwa siku mbili. "Pole pole, Cucu, hawa wawili wana jina moja!" "Mmoja ni wa mfua chuma, mwingine hana jino la mbele. Andika!" Mkubwa hakuamini mpaka alipowaita wazee wa vijiji wakasomewa, nao wakakubali, isipokuwa akina mama wawili ambao nilikuwa nimekosea nikawapishanisha nafasi. Maji yalivutwa kwa orodha hiyo.

Lakini nilimkemea pia. Nilimwambia kwetu mtu akitumwa boma la watu husimama langoni, akaita, akangoja kuitikiwa, akahakikisha hapo ni kwa nani, ndipo atoe neno alilotumwa. "Huyo wako anaingia boma lolote akipiga kelele." Wiki nzima alimtunga upya Tarishi. Kwanza aiulize mashine jina lake. Likiwa ndilo, atoe amri moja, angoje jibu, ndipo atoe ya pili. Kukiwa kimya, asimame, asiguse kitu. Na amri ya kufuta asiitoe kabla ya kurudi kumuuliza mtu. "Sasa ana adabu," aliniambia.

Siku hizi kila ofisi inajivunia kutuma mambo upesi, na mtu akishatuma anajipangusa mikono. Siwacheki. Kijana alipohamishiwa Meru, nilimpelekea salamu kwa kila aliyepanda huko: mwalimu mmoja, muuza ndizi, mama wa kwaya. Miaka mitatu nimetuma, nikiamini zimefika kwa kuwa nimezituma. Juzi nilijikokota hadi mazishini kwake, na mjane wake alinishika mikono yote miwili. "Cucu, alikutaja mpaka mwisho. Alidhani ulishakufa, maana hakupata neno lako hata moja."

Mwenye mtu wa mbali asitosheke na kutuma. Uliyemtuma akirudi, muulize: ulimwona kwa macho? Alisema nini? Akikosa la kukujibu, usingoje mwingine anayepanda huko. Chukua leso yako uende mwenyewe, ukingali unaweza kumkuta.