Jina la Nani Kwenye Shamba la Chini

Nyumbani kwetu, upande wa juu wa Othaya, hatimiliki ilitajwa kwa sauti ile ile ya kutaja Maandiko. Haikuulizwa maswali. Yetu ilikuwa na jina la baba mkubwa, kaka wa marehemu baba yangu, na kila mtu mzima angeweza kukueleza sababu. Wakati wa Hali ya Hatari ya miaka ya hamsini, wakoloni walipokusanya vipande vya mashamba yetu na kuvipima upya, babu aliambiwa ataje jina moja. Akataja la kifungua mimba wake. Kwa mila yetu kifungua mimba ndiye muramati: huwatunzia ndugu zake shamba na kuwaonyesha pa kulima, lakini shamba si lake. Babu hakuona hatari yoyote. Familia nyingi huku zilifanya hivyo hivyo, zikarudi kulima.

Shangazi, dada yao, alikuwa ameachana na mumewe huko Kiriaini kabla sijazaliwa. Aliporudi, babu alimpa shamba la chini, karibu na mto. Akajenga nyumba ya mbao, akapanda nduma, yaani magimbi, kwenye tope na ndizi juu ya hapo. Nimekula nduma hizo tangu niote meno.

Katika miaka ya sabini, nikiwa mwaka wa pili chuo kikuu, nilirudi likizo nikakuta baba mkubwa amepata mnunuzi. Alitaka kufungua duka Nanyuki, na mfanyabiashara mmoja wa mjini alitaka mahali penye maji.

"Shangazi yako atahamia kwangu," aliniambia. "Kuna chumba pale karibu na zizi."

"Umemwuliza?"

"Tangu lini mtu akaomba ruhusa kwa mali yake?"

Nilikuwa nasoma historia, si sheria, lakini jibu lile lilininyima usingizi. Kesho yake nilikwenda Nyeri, kwenye ofisi ya ardhi, nikamng'ang'ania karani mmoja mchovu.

"Aliyeandikishwa ndiye mmiliki kamili," alisema.

"Kamili vipi, na kuna watu wanaishi humo?"

"Dada, hayo ni mambo ya nyumbani kwenu."

"Sheria iliingia nyumbani kwetu ikapima. Sasa inatoka nje kungoja?"

Alicheka, akaweka kalamu chini. Akanieleza kwamba kuna kizuizi, yaani alama inayowekwa kwenye rejista ili shamba lisiuzwe kabla mgogoro haujasikizwa. Kuna dhamana, pale mtu anapoandikishwa kwa niaba ya wenzake. Lakini kama muramati ni mdhamini mbele ya sheria, mahakimu wenyewe walikuwa bado wakibishana. Na kuna kibali: shamba la kulima haliuzwi bila bodi ya ardhi kukubali, na bodi hukaa hadharani.

"Yeyote anaweza kusimama apinge?"

"Yeyote. Ila wanawake hawaji."

Nilimshukuru kwa sentensi hiyo ya mwisho kuliko zote.

Siku ya bodi tulikwenda, mimi na shangazi. Mwenyekiti alikuwa mkuu wa tarafa, mtu wa mkoa wa Magharibi asiyejua Kikuyu, kwa hiyo maneno yote yalikuwa kwa Kiswahili. Wazee wa bodi walikuwa wamekaa na makoti yao mazito, kofia magotini.

"Hii shamba iko na mtu ndani?" mkuu wa tarafa aliuliza.

"Hapana, Bwana DO," alisema baba mkubwa. "Ni nduma tu."

Shangazi alinishika mkono. Njiani alikuwa ameniambia kwamba akisema atalia, na hataki walione chozi lake. Nikasimama.

"Mtu yuko, Bwana DO. Ndiye huyu."

Watu wakacheka. Mzee mmoja alinitazama kutoka viatu hadi nywele. "Wewe ni wa nani? Ati umeolewa?"

"Bado, mzee. Lakini leo si mimi ninayeuzwa."

Wakacheka tena, na safari hii hawakunicheka mimi. Nikaanza habari za dhamana. Nilikuwa nimejiandaa kweli kweli, na nikaona mzee wa pembeni akipiga miayo. Baba mkubwa aliinua karatasi yake juu.

"Hii iko na jina yangu. Jina yake iko wapi?"

Hapo sheria yangu iliisha. Nikamgeukia yeye mwenyewe. "Baba mkubwa, waambie wazee hawa. Babu alikupa shamba lile liwe lako, au alikupa uwatunzie wengine?"

Mimi siamini laana za waliokufa. Sikuamini siku ile, na sijaanza leo. Lakini nilijua kwamba yeye anaamini, na kwamba hakuna mtu wa rika lake anayeweza kusema uongo juu ya neno la baba yake aliyelala ndani ya udongo ule ule.

"Karatasi inasema..."

"Sikuuliza karatasi."

"Mjibu mtoto," alisema yule mzee wa miayo, sasa yu macho kabisa.

Baba mkubwa alishusha karatasi yake, watu wa nyuma wakaanza kusimama ili wamwone. "Mimi ni muramati," alisema.

Mkuu wa tarafa aliuliza hilo ni nini, wazee wakamweleza wote kwa pamoja. Kibali kikakataliwa. Tukaambiwa turudi tugawane, kila sehemu iwe na hati yake.

Nilidhani tumemaliza. Mpimaji alipokuja na mnyororo wake, wazee wa ukoo walikubaliana bila ugomvi kwamba shamba la chini likatwe peke yake. Wakakubaliana pia kwamba liandikwe jina la kaka yangu mdogo, aliyekuwa bado shule ya upili.

"Atamtunzia shangazi yake," walisema. Mama yangu aliitikia kwa kichwa. Walifurahi, wote. Nilipofungua kinywa, shangazi alikuwa tayari ameketi chini, pale pale mpimaji alipotaka kupiga kigingi.

"Nimetunzwa vya kutosha," alisema. "Mtunzaji wangu alishanitafutia mnunuzi."

"Na ukifa? Shamba la mwanamke litakwenda wapi?"

"Nikifa mtakutana mjadili. Sasa niko hai. Andikeni."

"Inuka, mama, tufanye kazi," mpimaji alimwomba.

"Fanya. Kalamu si iko mkononi?"

Wazee walinung'unika, wakamwita mkaidi, wakaniita mimi mbegu mbaya ya chuo. Hakuinuka. Mwishowe mpimaji alimwuliza jina, naye akalitaja lote, la ubatizo, la kuzaliwa na la baba yake. La mume aliliacha Kiriaini. Kisha akaniambia nisome kilichoandikwa.

Nilisoma.

"Tena," alisema, "kwa sauti. Wale wa mashamba ya juu hawajasikia."