Aliyetuchomea Makapi ya Mpunga

Habari za msiba zilinikuta Busia, nikiwa kwenye foleni ya kuvuka mpaka, na tangu hapo moyo haujatulia. Mama mmoja wa Paya, aliyekuwa akitulimia mboga upande wa Tororo, Uganda, ametutoka kwa ugonjwa wa mapafu. Msomaji aliyewahi kula saladi kwenye hoteli za mpakani huenda alikula yake bila kumjua. Mboga zake hazikugusa udongo. Mizizi ilining'inia ndani ya mabomba ya maji yaliyotiwa mbolea.

Kazi ilikuwa mwanzoni, pale mbegu inapotafutiwa kitu cha kuotea. Nyuzi za nazi hutoka mbali huko pwani, na bei yake ilimshinda. Wenzake walikata vipande vya godoro kuukuu. Nilipomshauri afanye kama wao, alinigeuzia macho makali: "Wewe ndugu, nataka mimi nilishe watu godoro? Hapana! Mimi natumia makapi ya mpunga." Makapi hayo aliyapata bure mashineni. Mara ya kwanza aliyatia mabichi, na punje zilizosalia zikaota katikati ya saladi, kuku wa jirani wakafanya karamu. Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo akawa anayachoma ndani ya pipa mpaka yawe meusi, kisha anayaosha. Kila nilipomtembelea nilimkuta ameliinamia pipa lile, kitambaa puani, akikohoa. Nilimwambia aende hospitali. "Hii ni moshi tu, itaisha," alinijibu.

Sidai kwamba moshi ndio uliomuua. Mimi si daktari. Lakini nina hasira. Sisi wanunuzi tulimhoji kuhusu dawa, kuhusu maji, hata kuhusu ndoo. Kikohozi tulikisikia sote, tukabeba mboga tukaenda zetu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Mazishini, mwenye hoteli mmoja wa upande wa Kenya alimpa pole binti wa marehemu, kisha papo hapo akamuuliza, "Na ile saladi ya Ijumaa nitapata, dada?" Binti akaitikia kwa kichwa. Jana, matanga yakiwa bado hayajaanuliwa, nilipita kwao nikakuta pipa linafuka, naye kaliinamia. Nikamsihi asimame upande usio na moshi. "Mama alikuwa nasimama hapa," akasema, akaendelea kukoroga. Tukitaka mboga safi, tukubali kuongeza bei binti huyu anunue nyuzi za nazi, maana kwa sasa usafi wa sahani zetu unalipiwa na mapafu yake.