Umuriro Ndani ya Kisanduku

Juzi, huko Kinyinya, nilimwona fundi amezima mashine ya kuranda mbao, akingoja taa nyekundu ife kwenye kisanduku cha umeme cha kurekebisha mwendo wake. Nikasikia tena harufu ya karakana ya baba kule Muhima: vumbi la mbao na waya ulioungua.

Alasiri moja, nikiwa mtoto, mashine yake iliguna, ikakataa kuzunguka. Baba aliizima, akafungua kisanduku kama hicho, akaniambia mimi bintiye:

"Usisogee, mama. Umuriro bado iko ndani."

Kwa lugha yetu umuriro ni moto, na ni umeme pia; baba alimaanisha ule unaobaki kisandukuni kwa muda hata mashine ikizimwa. Mimi niliujua wa jikoni tu. Nikakimbia kuleta jagi la maji niuzime.

Baba aliudaka mkono wangu ukiwa umeshainuka. Akalichukua jagi taratibu, akanywa mpaka tone la mwisho.

"Asante. Nilikuwa na kiu."

Miaka mingi niliamini kweli alikuwa na kiu.