Kofi Lisiloandikwa

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule moja ya msingi Likoni, mwalimu mkuu alinikabidhi vitu vitatu: boksi la chaki, rejista ya darasa la nne, na kofi. Chaki na rejista nilivitilia sahihi. Kofi alinionyesha kwa mkono wake mwenyewe, akiupiga hewani.

“Mwanangu,” alisema, maana alikuwa mtu wa Mvita na heshima zake, “fimbo ni yangu mimi, na kila fimbo lazima iandikwe kitabuni. Nyinyi walimu mwatia kengele. Kiganja wazi, juu ya sikio, mara moja. Haiachi alama wala haiandikwi popote.”

Kabla ya saa nne mvulana mmoja alimpiga mwenzake ngumi, nami nikamtia kengele. Alishika sikio, akakaa kimya. Nilijiona mwalimu kamili.

Nawaandikia nyinyi walimu vijana kwa sababu bado nawasikia mkisema, “Huyu ni mkorofi wa kuzaliwa.” Hasira zangu hazijapoa, na sina nia ya kuzipoza.

Kutoka Likoni nilihamishiwa Kisauni, na huko nikapelekwa kozi ya ushauri nasaha, yaani kazi ya kumsikiliza mtoto kabla ya kumhukumu. Tulifundishwa kwamba wapo watoto wanaozaliwa na moto mwingi kuliko wenzao, ni kweli, lakini hizo ni kuni tu. Anayewasha ni mwingine. Mtoto mwenye njaa, mwenye maumivu, au asiyesikia vizuri, mwili wake hukesha kama mlinzi. Ukimgusa ghafla, mkono wake hurudi kabla hajafikiri. Na mtoto anayeona wakubwa wakimaliza mambo kwa kupiga, naye humaliza kwa kupiga. Mkufunzi aliita hilo kuiga. Nyanya yangu, ambaye hakuwa na cheti, alisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Miaka ilipita, fimbo ikapigwa marufuku. Kengele ikabaki, kwa kuwa haikuwa imeandikwa popote.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Changamwe. Nilimkuta Mwende, msichana wa darasa la tatu, jina lake limejaa daftari la nidhamu: ameuma, amekwaruza, amemsukuma mwenzake ngazini. Mama yake aliuza mboga alizozifuata soko la Kongowea. Naibu wa mwalimu mkuu, msimamizi wa nidhamu, alikwisha andika barua ya kumfukuza mtoto huyo. Ilingoja sahihi ya mwalimu mkuu siku ya Ijumaa.

“Huyo hana dawa, mwalimu,” naibu aliniambia. “Ni damu. Hawa wa bara wameshuka nayo.”

“Na kumkalisha nyuma peke yake, ndiyo dawa ya damu?”

“Nyuma ndiko kwa wakorofi. Leo hulijui hilo?”

Nilijua. Miaka yote nami niliwakalisha huko huko.

Nilikaa na Mwende vipindi viwili. Nikimwita kutoka kushoto, hageuki. Nikimgusa bega la kushoto, anaruka na ngumi juu. Jumatano tukampeleka, mimi na mama yake, kwa afisa wa upimaji, yule anayepima watoto macho na masikio. Afisa alimulika sikio kwa kitochi chake, akakunja uso.

“Ngoma ya sikio imetoboka, na kuna usaha. Huyu anaumwa usiku na mchana. Mama, mtoto alipigwa kofi?”

“Haki ya Mungu, mimi sijamgusa!” alisema Mama Mwende. “Huyu alikuwa mpole, mwalimu. Huu ukali umeanza mwaka jana, huko kwenu shule.”

Mwende aliinua kiganja, akakigusisha sikioni mara moja, polepole. “Kengele,” alisema. “Ya naibu. Nilichelewa paredi ya asubuhi.”

Nilikasirika. Tulimtoboa mtoto sikio, tukamwadhibu kwa kutosikia, kisha tukamwandikia barua kwamba anapiga wenzake!

Ijumaa niliiweka ripoti ya afisa juu ya ile barua, mbele ya mwalimu mkuu. Naibu aliuliza, “Hiyo kengele imeandikwa daftari gani?”

“Imeandikwa sikioni mwa mtoto,” nilijibu.

Mwalimu mkuu aliisoma ripoti mara mbili, akaichana barua. Mwende alipata dawa, akahamia benchi la mbele, ubavu wa kushoto ukutani. Hakugeuka malaika, aligombana bado, kisha mara chache, kisha jina lake likatoweka daftarini. Naibu hakuulizwa neno. Baadaye alipandishwa cheo.

Aliitwa hata kwenye sherehe yangu ya kustaafu, akahutubu kwamba zamani watoto walikuwa na adabu kwa sababu ya mkono wa mwalimu. Watu walicheka, wakamshangilia. Mimi nilikunja leso niliyozawadiwa, nikatoka nje.

Mwende sasa ni mtu mzima. Tukikutana njiani hunigeuzia kwanza sikio la kulia, ndipo huniamkia.

Hasira zangu kwa naibu nimezisema. Zilizobaki ni zangu mwenyewe. Yule mvulana wa Likoni, wa siku ya kwanza, alishika sikio akakaa kimya, na kwenye ripoti yake ya mwaka niliandika: “Amebadilika, sasa ni mtulivu.” Sikumuuliza hata siku moja kama ananisikia.